Kubadili Mipangilio ya BIOS Bila Kibodi ya Waya: Mwongozo Kamili

BIOS ni programu ya msingi inayoiamsha kompyuta kabla ya Windows, na wanaoshindwa kubadili mipangilio yake karibu wote hushindwa mahali pamoja. Huwasha kompyuta, hubonyeza F2 au Delete mfululizo kwenye kibodi ya Bluetooth, kompyuta hupita moja kwa moja hadi Windows, nao hurudia tena na tena wakidhani kwamba walichelewa. Hawakuchelewa. Wakati huo kibodi yao haikuwa imeunganishwa na chochote, na hata mtu angebonyeza kwa kasi ya namna gani, angekuwa anapiga hodi kwenye nyumba ambayo mwenyewe hajafika.

Wengine huenda hatua moja mbele. Huiagiza Windows iwapeleke kwenye BIOS, nayo huwapeleka kweli, kisha hukwama mbele ya orodha ya mipangilio wasiyoweza hata kuisogeza. Ndiyo maana, kabla ya kuuliza namna ya kuingia, ni lazima ujue utabonyeza kwa kutumia nini ukishaingia. Hatua zote zilizo hapa chini zimepangwa kwa kufuata swali hilo.

Mifano mingi nimeichukua kutoka kwenye kompyuta ndogo za ofisini za Dell OptiPlex, HP EliteDesk na Lenovo ThinkCentre, zile zinazofika Kariakoo na katika maduka ya Nairobi zikiwa zimeshatumika ng'ambo, na ambazo mara nyingi mnunuzi hukabidhiwa bila kibodi. Mtu huifunga nyuma ya televisheni au huifanya seva ya duka, kisha siku moja anataka iwe inajiwasha yenyewe umeme ukirudi, au anataka kuiwekea Windows 11, na hapo ndipo BIOS inapohitajika.

## Vitu vya kuandaa

- Kibodi isiyo na waya uliyonayo, pamoja na kipokezi chake kidogo cha USB kama kipo.
- Kebo ya USB ya kusafirisha data, ikiwa kibodi yako ina tundu la kuchajia.
- Kipanya. Cha waya ni bora zaidi, lakini hata chenye kipokezi kinafaa.
- Simu yenye kamera, kwa ajili ya kupiga picha kila ukurasa kabla ya kugusa kitu.
- Nywila ya akaunti ya msimamizi wa kompyuta hiyo.
- Ufunguo wa kurejesha wa BitLocker, kipengele cha Windows cha kusimba diski ili isisomwe bila ufunguo. Una tarakimu 48, na unahitajika ikiwa diski imesimbwa. Uwe umeandikwa kwenye karatasi au umehifadhiwa kwenye simu, si ndani ya kompyuta hiyo hiyo.
- Betri mpya ya CR2032, ile ndogo ya duara inayokaa kwenye ubao mama, na bisibisi, kwa hatua ya mwisho tu, ambayo huenda usiihitaji.

## Hatua ya 1: Tambua kibodi yako ni ya aina gani

Kibodi zisizo na waya si za namna moja, na tofauti zao ndizo zinazoamua njia utakayofuata.

Kibodi yenye kipokezi cha USB. Kipokezi hiki hujitambulisha kwa kompyuta kama kibodi ya kawaida ya USB. BIOS haijui kwamba kati ya kipokezi na vidole vyako kuna mawimbi ya redio. Inachokiona ni kibodi iliyochomekwa. Uoanishaji wenyewe umehifadhiwa ndani ya kipokezi, kwa hiyo kikishaoanishwa mara moja kwenye kompyuta yoyote, kitafanya kazi hata kwenye kompyuta isiyo na mfumo endeshi kabisa. Ukiwa na kibodi ya aina hii, sehemu kubwa ya tatizo lako imeshatatuliwa.

Kibodi ya Bluetooth pekee. Hapa ndipo watu wengi wanapokwama. Redio ya Bluetooth ndani ya kompyuta huamshwa na mfumo endeshi, na taarifa za uoanishaji huhifadhiwa na mfumo endeshi huo huo. Katika kompyuta nyingi za Windows, BIOS haina programu ya kuiendesha redio hiyo wala haijui kibodi yako ilioanishwa na nani. Hakuna mpangilio wa Windows utakaobadili jambo hilo. Programu za simu zinazoigeuza simu kuwa kibodi kwa Bluetooth au Wi-Fi zina upungufu huo huo.

Kibodi ya Bluetooth inayokubali kebo. Kibodi nyingi za Keychron, kwa mfano, zina swichi ya pembeni ya kuchagua kebo au Bluetooth, na zikiwa kwenye kebo hugeuka kuwa kibodi ya waya kamili. Hata hivyo, usidhani kwamba kila tundu la kuchajia linapitisha data. Logitech MX Keys hutumia tundu lake kwa kuchaji tu, na ukiichomeka kwa kebo itaendelea kutegemea redio. Kebo nazo hutofautiana, kwa sababu zipo nyingi za bei nafuu zenye nyaya za umeme peke yake.

Namna ya kupima ni rahisi. Zima Bluetooth kwenye mipangilio ya Windows kwa kutumia kipanya, kisha fungua mahali pa kuandikia na ujaribu kuandika. Maandishi yakitokea, kibodi yako inafika kwenye kompyuta kwa kipokezi au kwa kebo, na unaweza kuendelea na hatua ya 2 hadi ya 5. Yasipotokea, washa tena Bluetooth, fanya hatua ya 2, kisha uruke hadi ya 6.

## Hatua ya 2: Linda diski kabla ya kugusa kitu

Hatua hii hurukwa sana, na ndiyo yenye madhara makubwa kuliko zote. Ikiwa diski imesimbwa kwa BitLocker, mabadiliko kwenye Secure Boot (ukaguzi wa saini za programu za kuwashia), TPM (chipu ya usalama inayotunza funguo) au mpangilio wa kuwasha yanaweza kuifanya kompyuta idai ufunguo wa tarakimu 48 itakapowaka tena. Skrini inayoudai ufunguo huo hutokea kabla ya Windows, yaani mahali ambapo kibodi ya Bluetooth haifanyi kazi. Mtu anaweza kuwa na ufunguo sahihi mkononi na asiwe na njia ya kuuandika.

Fungua dirisha la amri (Command Prompt) kwa ruhusa ya msimamizi, kisha andika:

`manage-bde -status C:`

Ukiona kwamba ulinzi umewashwa, kwanza hakikisha unao ufunguo wa kurejesha. Walioingia kwa akaunti ya Microsoft huupata kwa kufungua aka.ms/myrecoverykey kwenye simu. Kisha usimamishe ulinzi kwa muda:

`manage-bde -protectors -disable C: -RebootCount 0`

Sifuri ya mwisho inamaanisha kwamba ulinzi utabaki umesimama hadi utakapouwasha mwenyewe, hata kompyuta ikiwashwa upya mara kadhaa. Data haifumbuliwi wala haifutwi. Usisahau kuurudisha kazi ikiisha. Amri yake iko katika hatua ya 10.

Ukiwa bado hapo, fungua programu ya `msinfo32` na usome mstari ulioandikwa "BIOS Mode". Ukisoma "UEFI", yaani mtindo mpya wa BIOS, hatua ya 4 itakufaa. Ukisoma "Legacy", yaani mtindo wa zamani, Windows haitaweza kukupeleka kwenye BIOS, na itakubidi utegemee kipokezi au kebo pamoja na kitufe cha wakati wa kuwasha.

## Hatua ya 3: Chomeka kipokezi mahali panapostahili

Kipokezi kikifanya kazi ndani ya Windows hakuna uhakika kwamba kitafanya kazi kwenye BIOS, kwa sababu wakati wa kuwasha si kila tundu la USB huamshwa kwa wakati mmoja.

Kichomeke moja kwa moja kwenye tundu la nyuma la kompyuta ya mezani, kwenye ubao mama wenyewe. Epuka matundu yaliyo kwenye skrini, kwenye vigawanyo vya USB na kwenye vituo vya kuchomekea kompyuta mpakato. Tundu la USB 2.0, ambalo kwa kawaida ni jeusi ndani, ndilo chaguo salama zaidi. Matundu ya USB 3.0 hutoa kelele za redio zinazogusa masafa ya 2.4 GHz, ambayo ndiyo masafa ya vipokezi hivi, na diski ya nje ya USB 3.0 ikiwa jirani na kipokezi inaweza kufanya baadhi ya vitufe visifike.

Weka betri nzuri kwenye kibodi na uiwashe kabla ya kompyuta. Kibodi nyingi hulala ili kuokoa chaji, na mbonyezo wa kwanza hutumika kuiamsha tu. Ukiutegemea mbonyezo huo kuingia BIOS, utaukosa.

Utajua umefaulu kwa ishara hii: kompyuta ikiwa kwenye skrini ya nembo, kabla ya Windows, taa ya Caps Lock inajibu unapoibonyeza. Kibodi nyingine hazina taa hiyo, na kwa hizo jibu utalipata kwenye hatua inayofuata.

## Hatua ya 4: Ingia BIOS kwa amri, si kwa kukimbizana na muda

Kubonyeza kitufe wakati wa kuwasha kuna ugumu wake hata kwa kibodi ya waya. Kipengele cha Fast Startup cha Windows hufanya kuzima kusiwe kuzima kamili, na kipengele cha Fast Boot cha BIOS huweza kuruka kuamsha USB ili kuokoa sekunde chache. Katika baadhi ya ubao mama kuna kiwango kinachoitwa "Ultra Fast" ambacho hakiigusi USB hadi mfumo endeshi uanze; hapo hata kibodi ya waya haifui dafu.

Kwa hiyo acha Windows ikupeleke. Katika dirisha la amri lenye ruhusa ya msimamizi, andika:

`shutdown /r /fw /t 0`

Kompyuta itazima, itawaka, na itafungua BIOS yenyewe bila wewe kubonyeza chochote. Ukiona kosa lenye namba 203, rudia amri mara moja zaidi. Likitokea tena, huenda kompyuta hiyo inaendeshwa kwa mtindo wa zamani wa Legacy.

Wanaopendelea kipanya wanaweza kupitia "Settings", kisha "System", kisha "Recovery", halafu kubofya "Restart now" kwenye mstari wa "Advanced startup". Katika Windows 10 ukurasa huo uko chini ya "Update & Security". Skrini ya buluu itatokea. Chagua "Troubleshoot", "Advanced options", "UEFI Firmware Settings", kisha "Restart". Ninaipendekeza amri kuliko njia hii, kwa sababu skrini ya buluu yenyewe iko nje ya Windows na mara nyingi haitambui kibodi wala kipanya cha Bluetooth.

Kwenye Linux yenye systemd amri ni hii:

`systemctl reboot --firmware-setup`

Kama Windows imeharibika na haifunguki, hapo tu ndipo urudi kwenye vitufe: F2 kwa Dell, F10 kwa HP, F1 kwa ThinkCentre na ThinkPad, na Delete kwa kompyuta nyingi za kuunganishwa na fundi zenye ubao mama wa ASUS, MSI au Gigabyte. Zima kabisa, subiri kidogo, washa, na uanze kugonga kitufe hicho mara kwa mara bila kukishikilia.

Ukifika BIOS na kibodi isijibu, usihofu. Jaribu kipanya kwanza, kwa sababu BIOS nyingi mpya zenye picha na rangi hukikubali, na unaweza kufanya kazi yote kwa kubofya hadi kuhifadhi. Kisipojibu nacho, hamishia kipokezi kwenye tundu jingine na usubiri sekunde chache. Ikishindikana kabisa, shikilia kitufe cha kuwashia hadi kompyuta izime. Hakuna kilichobadilika kwa kuwa hakuna kilichohifadhiwa, na agizo la kuingia BIOS ni la mara moja tu. Ukiwasha tena, kompyuta itaenda Windows kama kawaida. Kisha nenda hatua ya 6.

## Hatua ya 5: Badilisha jambo moja, kisha hifadhi

Kabla ya kubadilisha, piga picha kila ukurasa unaopitia. Picha hizo ndizo zitakazokuokoa ikiwa mipangilio itafutika baadaye.

Tafuta kile ulichokijia na usiguse kingine. Mpangilio wa kujiwasha umeme unaporudi huitwa "AC Recovery" kwenye Dell na "After Power Loss" kwenye HP na Lenovo. Huwa na machaguo matatu: kubaki imezimwa, kuwaka, au kurudi katika hali iliyokuwamo. Kwa seva ya duka chagua kuwaka. Chaguo la hali iliyokuwamo halitaiwasha kompyuta ambayo mtu aliizima jioni kwa mkono wake, na wengi hulichagua kisha wakalalamika kwamba mpangilio haufanyi kazi.

Yapo mambo manne ambayo ninasisitiza yasiguswe na mtu ambaye kibodi yake pekee ni ya USB.

La kwanza ni kuzima matundu ya USB au kipengele cha "USB Legacy Support". Ukikizima na kuhifadhi, huenda umejifungia mlango kwa nje, kwa kuwa kibodi unayoihitaji ili kukiwasha tena haitatambuliwa.

La pili ni kuwasha Fast Boot ya kiwango cha juu, kwa sababu hiyo hiyo.

La tatu ni kubadilisha mtindo wa diski, kwa mfano kutoka RAID kwenda AHCI, kwani Windows iliyosakinishwa katika mtindo mmoja huweza kugoma kuwaka katika mwingine.

La nne ni kufuta funguo za Secure Boot au kusafisha TPM.

Ukimaliza, bonyeza F10 au ubofye neno la kuhifadhi na kutoka, kisha kubali. Soma orodha ya mabadiliko ikiwa BIOS itaionyesha. Iwe na kile ulichokusudia peke yake. Ukiona cha ziada, toka bila kuhifadhi na uanze upya.

## Hatua ya 6: Badilisha mipangilio bila kuingia BIOS kabisa

Hii ndiyo njia ya mwenye kibodi ya Bluetooth tu, na ninashangaa kwamba haitajwi mara nyingi zaidi. Watengenezaji wa kompyuta za ofisini wametoa zana za kubadilisha BIOS ukiwa ndani ya Windows, zikikusudiwa mafundi wanaosimamia mamia ya mashine. Hakuna kinachomzuia mwenye mashine moja kuzitumia. Utaandika amri ukiwa ndani ya Windows, ambako Bluetooth inafanya kazi, na mabadiliko yataanza kutumika kompyuta ikiwashwa upya.

Kwa HP, pakua programu ya HP BIOS Configuration Utility kutoka tovuti ya HP. Fungua dirisha la amri la msimamizi ndani ya folda yake na uandike:

`BiosConfigUtility64.exe /get:"mipangilio.txt"`

Faili la maandishi litaundwa lenye kila mpangilio na machaguo yake, na chaguo linalotumika limewekewa alama ya nyota mbele. Tengeneza nakala ya faili hilo na uiweke pembeni. Katika lile la kwanza, ondoa nyota kwenye chaguo la zamani na uiweke kwenye jipya. Ni vyema ufute mipangilio mingine yote ubaki na huo mmoja, ukiacha kichwa cha faili kama kilivyo, ili usibadilishe jambo jingine kwa bahati mbaya. Kisha:

`BiosConfigUtility64.exe /set:"mipangilio.txt"`

Kwa Lenovo, huhitaji kupakua chochote. Fungua Windows PowerShell kama msimamizi. Amri hii itaorodhesha mipangilio:

`gwmi -class Lenovo_BiosSetting -namespace root\wmi | select CurrentSetting`

Chagua jina na thamani kama zilivyoandikwa katika orodha hiyo, herufi kwa herufi, nafasi kwa nafasi. Kisha uandike amri mbili zifuatazo, ya kwanza ya kuweka na ya pili ya kuhifadhi:

`(gwmi -class Lenovo_SetBiosSetting -namespace root\wmi).SetBiosSetting("Jina,Thamani")`

`(gwmi -class Lenovo_SaveBiosSettings -namespace root\wmi).SaveBiosSettings()`

Kila moja inapaswa kurudisha neno "Success". Wengi huandika ya kwanza tu, wakaona neno hilo, wakawasha upya na kukuta hakuna kilichobadilika. Bila ya pili, kilichowekwa hakijahifadhiwa.

Kwa Dell, zana inaitwa Dell Command | Configure. Ina dirisha la kubofya ambalo linatosha kabisa kwa mwenye kompyuta moja: tafuta mpangilio, badilisha thamani, tekeleza.

Kwenye Linux, programu ya fwupd kuanzia toleo la 1.8.4 inaweza kusoma na kuandika mipangilio ya BIOS katika mashine zinazokubali:

`fwupdmgr get-bios-settings`

`sudo fwupdmgr set-bios-setting JINA THAMANI`

Kuna vikwazo viwili unavyopaswa kuvijua kabla ya kuanza. Kwanza, ikiwa mashine ina nywila ya BIOS iliyoachwa na ofisi ya awali, zana hizi zitaidai nywila hiyo. Mrudie muuzaji, kuikisia ni kupoteza muda, na katika baadhi ya mashine ni kujifungia zaidi. Pili, baadhi ya mabadiliko ya usalama hudai mtu awepo mbele ya mashine. Ukizima au kuwasha Secure Boot kwenye HP nyingi, kompyuta ikiwaka itaonyesha tarakimu nne na kukutaka uziandike kabla ya mabadiliko kukubaliwa. Kibodi ya Bluetooth haitaweza kuziandika. Kwa mabadiliko ya namna hiyo azima kibodi yenye kipokezi au waya kwa dakika tano. Hakuna njia safi ya kulikwepa sharti hilo, na limewekwa ili programu mbaya isiweze kufanya mabadiliko hayo bila ya mwenye kompyuta kujua.

Kwa kompyuta za kuunganishwa na fundi, zana kama hizi kwa kawaida hazipo, na utarudi kwenye kipanya au kipokezi.

## Hatua ya 7: Ikiwa unachotaka ni kuwasha kwa flashi tu

Watu wengi wanaotafuta BIOS hawaihitaji. Wanataka kompyuta iwake kwa flashi ya USB mara moja ili wasakinishe mfumo endeshi, na hilo linawezekana bila kubadilisha mpangilio wowote wa kudumu.

Chomeka flashi kwanza. Katika Windows fuata njia ya "Advanced startup" iliyoelezwa katika hatua ya 4, lakini kwenye skrini ya buluu chagua "Use a device", kisha jina la flashi. Katika Linux andika `efibootmgr`, tafuta namba ya flashi katika orodha, kisha uandike, tuseme namba ni 0003:

`sudo efibootmgr --bootnext 0003`

Agizo hilo ni la mara moja. Kumbuka tu kwamba programu ya kusakinisha itakayofunguka nayo huenda isitambue Bluetooth, kwa hiyo uwe na kipanya cha waya au cha kipokezi, na ujue kwamba bila kibodi hutaweza kuandika nywila wala jina la mtumiaji itakapofika zamu yake.

## Hatua ya 8: Kompyuta mpakato yenye kibodi iliyokufa, na zile za kugusa

Kompyuta mpakato nyingi zilizotumika huwa na vitufe vilivyokufa, na mara nyingi F2 ni mojawapo. Kibodi ya nje yenye kipokezi hufanya kazi kama ilivyoelezwa, na amri ya hatua ya 4 inakuondolea haja ya kitufe chenyewe.

Lenovo IdeaPad nyingi zina kitundu kidogo pembeni kinachoitwa Novo. Kompyuta ikiwa imezimwa, kibonyeze kwa pini, na menyu yenye chaguo la BIOS itafunguka. Microsoft Surface huingia kwa kushikilia kitufe cha kuongeza sauti, kisha kubonyeza na kuachia cha kuwashia, na ndani yake mguso wa skrini hufanya kazi. Steam Deck vilevile huingia kwa kitufe cha kuongeza sauti na cha kuwashia.

Ikiwa kitufe cha kibodi ya ndani kimekwama chini, kiondoe kwanza au mwambie fundi achomoe utepe wa kibodi hiyo. Kitufe kilichokwama hutuma herufi moja bila kukoma na huweza kuvuruga kila unachojaribu.

## Hatua ya 9: Kurudisha mipangilio ya kiwandani, ikiwa yote yameshindikana

Hii ni kwa yule ambaye USB imezimwa ndani ya BIOS na hana njia nyingine. Kwa kompyuta ya mezani, zima na uchomoe waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki uishe, kisha fungua kasha. Ondoa betri ya CR2032, subiri dakika chache, na uirudishe, au uweke mpya ikiwa saa ya kompyuta imekuwa ikirudi nyuma. Ubao mama nyingi zina pini maalumu za kazi hii zilizoandikwa CLRTC kwa ASUS, CLR_CMOS kwa Gigabyte au JBAT1 kwa MSI; ziunganishe kwa muda mfupi kama kitabu cha ubao kinavyoelekeza.

Soma onyo hili kabla ya kugusa betri. Baada ya kufuta mipangilio, mashine nyingi husimama kwenye ujumbe unaotaka ubonyeze F1 ndipo ziendelee. Mwenye kibodi ya Bluetooth pekee atakuwa ameitoa kompyuta iliyokuwa ikiwaka na kuifanya isiwake. Usianze hatua hii bila kibodi yenye kipokezi au waya pembeni yako, hata kama ni ya kuazima. Aidha, mtindo wa diski unaweza kubadilika na Windows kugoma kuwaka. Rudisha ule ulio kwenye picha zako. Katika baadhi ya ubao za AMD, TPM iliyo ndani ya prosesa inaweza kuathirika pia, jambo ambalo kwa diski iliyosimbwa humaanisha kudaiwa ufunguo wa kurejesha.

Nywila ya BIOS katika kompyuta nyingi mpakato za ofisini haifutiki kwa kutoa betri, kwa hiyo usifungue mashine kwa matumaini hayo.

## Hatua ya 10: Hakikisha mabadiliko yamekubaliwa

Usiamini neno la kuhifadhi. Pima matokeo yenyewe ukiwa ndani ya Windows.

Kwa Secure Boot, fungua `msinfo32` na usome mstari wa "Secure Boot State". Kwa TPM, fungua `tpm.msc`, kwa ajili ya Windows 11 toleo linalotakiwa ni 2.0. Kwa uwezo wa kuendesha mashine pepe, fungua Task Manager, ukurasa wa "Performance", na chini ya CPU usome neno lililo mbele ya "Virtualization".

Kwa kujiwasha umeme unaporudi, usichomoe waya kompyuta ikiwa inafanya kazi. Izime kwa utaratibu, chomoa waya ukutani, subiri nusu dakika, kisha chomeka. Ikiwa ulichagua kuwaka, kompyuta itawaka bila kuguswa. Isipowaka, rudi kwenye hatua ya 5 au ya 6 na usome tena thamani iliyohifadhiwa.

Mwisho, ikiwa ulisimamisha BitLocker, uirudishe sasa:

`manage-bde -protectors -enable C:`

Rudia amri ya `-status` ya hatua ya 2 na uone kwamba ulinzi umewashwa. Kisha washa kompyuta upya mara moja. Ikifika Windows bila kudai ufunguo wa kurejesha, kazi imekamilika.